Maboga ya Rongai na Munyu Nilioumwaga

Mpendwa Mama Mdogo Truphosa,

Ulishuka Rongai kwenye treni ya mchana, sanduku la bati kichwani, na mbegu za maboga umezifunga kwenye pindo la leso. Naikumbuka leso ile kuliko uso wako wa siku hiyo, kwa sababu uso nilikataa kuutazama. Mama, dada yako mkubwa, tulikuwa tumemzika Maragoli miezi mitano nyuma. Nilikuwa na miaka tisa, na nilikwisha kuamua kwamba mwanamke yeyote atakayeingia kwenye nyumba yetu ya reli nitamhesabu mgeni hadi atakapoondoka. Selina, mdogo wangu, hakuamua chochote. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Alikutazama, akakunyooshea mikono, ukamweka mgongoni hata kabla hujanisalimu. Nilimwona msaliti.

Baba alisimama mlangoni ameshika kofia yake ya kazi. Alikuwa kwenye genge la kutengeneza reli, mtu wa maneno machache, na siku zile hata hayo machache yalikuwa yamemwishia. "Karibu, shemeji," alisema. "Maji ya kunawa yako pale." Nadhani hiyo ndiyo hotuba aliyokuwa akiiandaa wiki nzima.

Jioni hiyo, nikijifanya napuliza moto, nilikusikia ukimfikishia maneno ya nyanya. "Mama amesema nipande maboga. Yakikubali, nikae. Yakikataa, nirudi nyumbani, na kusiwe na neno baya kati ya watu wenu na wetu." Kukaa kulikuwa na maana moja tu, hata mtoto aliijua. Kwetu, mke akifa akaacha watoto wadogo, haikuwa ajabu mdogo wake kutumwa awalee, na mwishowe awe mke wa nyumba ile. Baba alijibu, "Udongo wa hapa ni mzuri," akaangalia miguu yake.

Nami nililala nikiyaombea maboga yako yakatae.

Bustani yetu ilikuwa ukanda mwembamba nyuma ya nyumba, kati ya ukuta na reli, pale njia ya Solai inapoachana na ile ya kwenda Eldoret. Nyumba zilikuwa sita, na mbili kati yake zilikuwa tupu. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, wakati wa vita vya Mau Mau, na majirani wetu Wakikuyu walikuwa wamepakiwa kwenye lori asubuhi moja pamoja na vyombo vyao vichache, wakapelekwa kule walikoambiwa ndiko kwao. Mmoja wao, Mama Njoki, aliacha minji yake, yaani njegere, inachanua. Baba alikushauri utumie na sehemu yake, maana ilikuwa imeshiba mbolea. Ulikataa. Uliipalilia minji ile kama yako, ukaiacha ikakauka mahali ilipo, ukachambua mbegu na kuzitia kwenye chupa. "Mwenyewe akirudi atazitaka," ulisema. Hakurudi tukiwa pale. Sijui kama alirudi baadaye.

Sijui vilevile ni siku gani hasa niliacha kuyaombea maboga mabaya. Labda ni siku niliyoteleza ulimi nikakuita mama. Wewe uliendelea kuchambua kunde kana kwamba hukusikia, kisha ukasema: "Mama yako ana nafasi yake, sikuja kuikalia. Mimi niite Mama Mdogo. Hicho ndicho kimo changu." Au labda ni zile jioni ulizonifundisha kusoma, nikifuata mistari ya Biblia kwa njiti ya ufagio. Nyumbani ulikuwa umefundisha watoto wa darasa la kwanza katika shule ya misheni, na mikono yako ilikuwa bado ina tabia ya mwalimu: ilitafuta chaki hata ilipokuwa imeshika mwiko. Kufikia mwezi wa saba nilikuwa nasoma peke yangu, na sala yangu ilikuwa imegeuka. Nilitaka maboga yako yajaze ukanda wote, yavuke reli, yafike Solai.

Yalianza vizuri. Tulikula majani machanga, seveve, karibu kila siku, na maua ya manjano yakafunguka makubwa kama viganja vya baba. Kisha mwezi wa nane mvua ikapungua, asubuhi zikawa za umande mzito, na doa la kwanza likatokea. Lilikuwa doa dogo jeupe, kana kwamba mtu aliyekuwa akisonga ugali amepitisha mkono juu ya jani. Ulilifuta kwa kidole. Kesho yake yalikuwa saba. Baada ya wiki majani ya chini yote yalikuwa yamepakwa, na yale yaliyotangulia yakaanza kugeuka manjano na kujikunja. Vitabu vya kilimo nilivyosoma ukubwani vinauita ugonjwa huo ubwiri unga. Sisi tuliuita unga tu.

Mama Cherono, mke wa mpeperusha bendera wa stesheni, aliegemea ua akatazama kwa muda.

"Wewe msichana wa Maragoli! Boga lako limeota mvi. Limezeeka kabla ya kuolewa, kama mwenyewe."

"Afadhali mvi, Mama Cherono. Shamba lako lina upara."

Alicheka mpaka akashika mbavu, akaenda kwake, akarudi na karai la majivu ya jikoni. Ndivyo alivyokuwa: tusi kwanza, msaada baadaye. Tuliyanyunyiza majivu yale makavu alfajiri, umande ukiwa bado umeshika majani, ili yagande. Yalisaidia kidogo, lakini kila treni ilipopita, upepo wake uliyapeperusha, tukabaki na majivu machoni na unga kwenye majani.

Halafu ulijaribu maziwa. Baba alikuwa akiletewa na rafiki yake wa shamba la jirani yale maziwa ya mashine, yaliyokwisha kuondolewa krimu, ambayo wenye shamba waliwapa nguruwe na wafanyakazi. Ulichanganya kikombe kimoja kwa vikombe tisa vya maji, ukachovya fungu la majani makavu, ukayarashia maboga jua likiwa limekwisha kuwaka. Mama Cherono aliposikia alishika kichwa. "Maziwa? Kwa majani? Kwetu ng'ombe akisikia habari hiyo, anakauka!" Lakini aliendelea kuja kuchungulia, na siku ya nne yeye ndiye aliyesema kwamba weupe umepungua. Ungeendelea hivyo ungeshinda, nina hakika. Ila Selina alishikwa na kikohozi, akawa hali kitu ila maziwa, na rafiki wa baba hakuweza kuongeza. Ulisema, "Mtoto kwanza, boga baadaye," na unga ukarudi.

Ndipo ulipokumbuka alichokuwa akifanya nyanya. Ulikusanya maganda makavu ya maharagwe, ukayachoma mpaka yakawa majivu laini, ukayatia kwenye kopo lililotobolewa chini, ukamimina maji polepole. Yaliyodondoka yalikuwa na rangi ya chai isiyotiwa maziwa. Huo ndio munyu, chumvi yetu ya kienyeji, unaolainisha mrenda na kunde mpaka zikateleza zenyewe kooni. Maji ya kwanza, makali, uliyaweka kwenye chupa ya jikoni kwa ajili ya mboga. Ulipomimina maji mara ya pili na ya tatu juu ya majivu yale yale, yalitoka mepesi, karibu meupe, na hayo ndiyo uliyoyapeleka bustanini, mara mbili kwa wiki, asubuhi. "Nyanya yako hakuwahi kutupa maji ya munyu," ulinieleza. "Makali ya chungu, mepesi ya shamba."

Nilikusikia. Nataka ujue kwamba nilikusikia vizuri.

Lakini wiki hiyo hiyo baba alipata habari kwamba Mjomba Zefania, kaka yenu, atakuja Jumamosi kuangalia maboga na kupeleka majibu kwa wazee. Na Jumatano, nikitafuta Zaburi uliyonipa nijifunze, nilikuta barua katikati ya kurasa za Biblia yako. Wewe mwenyewe ndiwe uliyenifundisha kusoma, kwa hiyo lawama tugawane. Ilitoka shule ya misheni. Walisema nafasi yako wanaishikilia hadi Januari, kwamba wasichana wanakuulizia, na kwamba mwakani wangekupeleka ukasomee ualimu kamili. Nilisoma mara mbili. Kila neno niliweza kulitamka bila kukwama, na nilitamani ningekuwa bado sijui kusoma.

Maboga yalikuwa yanapona, lakini polepole, na Jumamosi haikuwa mbali. Nilifikiri kama mtoto aliyekulia jikoni kwa Waluhya. Munyu mwepesi ni wa mtu aliyeishiwa; ukitaka mboga zikubali mara moja, unatia ule wa kwanza. Basi Alhamisi adhuhuri, ulipompeleka Selina zahanati, nilichukua chupa ya jikoni nikaimaliza yote juu ya majani. Sikuongeza hata tone la maji. Jua lilikuwa utosini. Niliosha kila jani, juu na chini, kwa uangalifu niliokuwa sijawahi kuutumia kwa kazi yoyote, na nikajisikia mganga.

Ijumaa asubuhi weupe ulikuwa umetoweka kweli. Majani nayo yalikuwa yameungua. Yalikuwa ya kahawia kwenye kingo, makavu kama karatasi ya kufungia sukari, na maua yalikuwa yamelala.

Ulikata jani moja, ukalinusa, ukaligusa kwa ncha ya ulimi. Kisha ukanigeukia.

"Chupa ya jikoni?"

"Ndiyo."

"Yote?"

"Yote."

"Jua likiwa wapi?"

Nilionyesha juu ya kichwa changu. Ulikaa chini kwenye tuta, Selina mgongoni.

"Ulitaka yapone upesi?"

"Nilitaka Mjomba asikuchukue."

Ulijipangusa vumbi, ukasema, "Basi wiki hii tutakula mrenda mgumu," ukaingia ndani.

Mjomba Zefania alifika Jumamosi na koti lake la kanisani. Alikuwa mtu mpole, nami nilimchukia kwa upole huo. Alizunguka bustani mara moja, mikono nyuma, baba akimfuata hatua tatu nyuma kama mshtakiwa. Mimi nilisimama kwenye pembe ya nyumba.

"Truphosa," alisema, "shamba limejibu."

"Halijajibu, kaka. Mtoto amelijibia."

"Sijakuelewa."

"Tazama ukingo wa jani. Huu ni moto wa munyu. Mtoto alimwaga chupa nzima jua likiwaka. Maboga hayakukataa. Yamechomwa."

Alichuchumaa, akatazama, akainuka. Kisha akashusha sauti, lakini mimi nilikuwa karibu na masikio yangu yalikuwa makali. "Sikiliza, dada. Nyumbani hakuna atakayeona jani hili. Nitasema yamekataa, na macho yangu yatakuwa yameona hivyo. Hakuna atakayemlaumu huyu bwana wala wewe. Sanduku lako nitalibeba mimi. Unaijua barua ya shule."

"Naijua. Nimeisoma."

"Basi?"

"Basi mwambie Mama ulichokiona, na uongeze nilichokwambia. Na unipe wiki tatu."

Mjomba alimtazama baba. Baba, ambaye nilikuwa sijawahi kumsikia akiomba kitu, alisema, "Wiki tatu si nyingi, shemeji." Mjomba alikula ugali wetu na mrenda ule mgumu, akautafuna kwa adabu, na jioni akaondoka na mikono mitupu.

Ulifanya kazi kama mtu aliyepewa siku ya hukumu. Ulikata majani yote yaliyoungua na kuyachoma mbali na bustani. Ulimwaga maji mengi shinani ili kusafisha munyu uliozama. Uliacha machipukizi matatu tu kwa kila shina, ukayatandaza ili hewa ipite kati yake, na unga ulipothubutu tena, uliurashia maji mepesi ya munyu, kikombe kimoja kwa ndoo nzima, asubuhi mapema, juu na chini ya jani. Kila mara uliniweka mimi nishike ndoo. Wiki ya tatu kulikuwa na maboga manne makubwa kama ngumi, na Mama Cherono alimwambia kila aliyepita njiani kwamba yeye ndiye aliyeleta majivu. Wazee walikubali, na baada ya Pasaka ya mwaka uliofuata mlibarikiwa kanisani, wewe na baba. Nilivaa gauni ulilolishona mwenyewe, na nilitembea nyuma yako nikiamini kwamba mimi ndimi niliyekubakisha, maana chupa yangu ndiyo iliyotupatia zile wiki tatu.

Niliamini hivyo miaka mingi sana, Mama Mdogo. Niliisimulia hadithi hiyo harusini kwa Selina, na watu walicheka. Niliisimulia kwa wanangu kama mfano wa jinsi Mungu anavyotumia hata ujinga wa mtoto.

Sasa nina umri ambao mtu huisoma upya kila hadithi aliyoizoea. Ulikuwa na miaka ishirini na miwili. Mjukuu wangu Neema amekupita kwa miaka mitatu, nami humwona kama kifaranga. Namfikiria nyanya, mwanamke aliyelima maisha yake yote, aliyejua kwamba boga huota hata jalalani. Mtu kama huyo hawezi kuweka hatima ya binti yake juu ya boga. Alikufungulia mlango. Alikupa neno la kusema ukitaka kuondoka, neno lisilomtukana baba wala kumwumiza mtu: yamekataa. Hata Mjomba alilijua hilo, ndiyo maana hakuhitaji kutazama bustani mara mbili. Na mimi, kwa chupa yangu, nilikuachia mlango ule wazi kabisa. Ulichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Uliufunga kwa mkono wako, mbele ya mtoto aliyekuwa amekunyima hata salamu ulipofika.

Umekwenda ukiniacha na mengi ya kujiuliza. Baba alipostaafu tulipata shamba Kabazi, na huko ndiko tulikokuzika. Kisha mwaka mmoja, kwa sababu ya uchaguzi, majirani waligeukiana, nikaondoka Kabazi na begi moja, maharagwe yakiwa yamechanua, nikawa mtu wa kusubiri foleni ya unga wa msaada. Nilimfikiria Mama Njoki siku hiyo kuliko nilivyomfikiria maisha yangu yote. Sasa niko Mai Mahiu, chini ya bonde, kwenye kipande kidogo ambako malori hulia usiku na mchana. Watu huniuliza kwetu ni wapi, nami huanza kuhesabu mahali, kisha naacha. Nimepanda maboga. Juzi unga ulitokea kwenye majani, na Neema akatoa simu yake. "Shosho, hapa wanasema maziwa na maji, moja kwa tisa." Nilimwambia tulijua hilo kabla mama yake hajazaliwa. "Nani aliwaambia?" akauliza. Nilianza kumsimulia, na kwa mara ya kwanza nikashindwa kuimaliza hadithi kwa kicheko.

Nilikuwa na nafasi ya kukuuliza. Wiki ile ya mwisho, katika hospitali ya Nakuru, nilikaa kando ya kitanda chako siku tatu. Ulikuwa umekonda, lakini akili yako ilikuwa imenyooka kama reli mpya. Mchana mmoja uliniona nikifungua mdomo na kuufunga.

"Dina," ulisema, "uliza."

Nikakuuliza kama unataka uji.

Ulinitazama kidogo, ukatabasamu. "Haya," ulisema. "Lete uji." Nikauleta, ukanywa vijiko vitano, na hatukuzungumza tena jambo lolote kubwa.

Niliogopa jibu, hiyo ndiyo kweli. Niliogopa ungesema kwamba ulitaka kwenda. Kwamba kulikuwa na darasa la wasichana na cheti cha ualimu na labda hata mtu mwingine, na kwamba uliviacha vyote kwa sababu mtoto alisimama kwenye pembe ya nyumba akisikiliza. Nilitaka uwe umebaki kwa furaha, nisidaiwe shukrani kubwa kuliko ninayoweza kubeba.

Ninauliza sasa. Ulitaka kukaa, Mama Mdogo? Si lazima jibu liwe ndiyo. Kama ulitaka, nafurahi. Kama hukutaka na bado ukakaa, basi nilipendwa kuliko nilivyojua, na miaka yangu yote niliyoihesabu kuwa ya kuhamahama ilikuwa na mahali pamoja ambapo mtu alichagua kubaki kwa ajili yangu. Nimechelewa kukuuliza, lakini sasa jibu lolote naweza kulipokea.

Pumzika salama huko Kabazi, hata kama mimi sipo karibu.

Mtoto wa dada yako, na wako,
Dina